Jogoo Alikuja, Chupa Ikabaki

Kuku wa kienyeji hachanjwi. Kauli hii utaisikia Bamburi, kuanzia Mtambo mpaka Utange, na husemwa kwa uhakika uleule wa kusema maji ya bahari yana chumvi. Kienyeji ana damu ngumu. Kienyeji amezoea. Wa kuchanjwa ni broila, na hawa chotara wa siku hizi wanaokua haraka na kufa haraka. Halafu msimu unageuka, kideri kinapita, na asubuhi moja ua mzima umelala: shingo zimepinda, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kila mahali. Wenye damu ngumu wamekufa sawa na wenye damu laini. Baada ya mwezi mtu ananunua matembe wengine wawili na jogoo, na kauli inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi nilitaka kujua kauli hii imetoka wapi na ina ukweli kiasi gani. Swali lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020, watu wengi wa huku kwetu waliokuwa wakitegemea mishahara na bahashishi za watalii waligeukia kuku. Banda likajengwa kwa mbao za kuokota na wavu, vifaranga wakaletwa kwa boksi. Kwa nyumba nyingi kuku ndiye benki: anauzwa mtoto akiumwa, anauzwa shule zikifunguliwa. Kwa hiyo ukiniambia kuku fulani hahitaji chanjo, unaniambia pia kwamba benki fulani haihitaji mlango.

Tuanze na kuku mwenyewe. Huyu tunayemwita wa kienyeji si mwenyeji wa hapa hata kidogo. Babu yake ni kuku mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na pwani hii aliingia kwa njia ileile iliyoleta mnazi na mpunga, yaani kwa chombo cha baharini. Wanaakiolojia wamechunguza mifupa ya ndege kutoka makazi ya kale ya Zanzibar, kama Unguja Ukuu, na kuona kwamba kuku alikuwa ameshafika kwenye karne ya 7 na ya 8. Kazi hiyo ilikuwa na vichekesho vyake, maana mfupa wa kuku na wa kanga hufanana mno, na baadhi ya mifupa iliyokuwa imehesabiwa ya kuku ikaja kujulikana ni ya kanga wa porini. Vinasaba navyo vinaeleza hivyohivyo. Kuku wa Kenya wana zaidi ya ukoo mmoja wa upande wa mama, mwingine ukielekea Bara Hindi, mwingine mbali zaidi mashariki. Yule kuchi mrefu wa Lamu na Unguja, mwenye miguu kama ya mbuni na hasira za bure, anafanana na kuku wa kupigana wa Japani aitwaye Shamo kiasi kwamba watafiti wamewapima undugu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sasa kumbe kuku wote ni wageni, ni vile tu kamba ya huyu ilikatika zamani.

Hata hivyo, miaka 1,200 na zaidi ni muda mrefu. Kuku anaweza kuzoea mengi: jua la saa saba, kunguru, kula makapi ya nazi na mchwa, kulala juu ya mwembe. Hayo yote kienyeji ameyazoea kweli, na chotara aliyetoka kwenye kiangulio hawezi kumfikia. Lakini kideri? Hapo ndipo hesabu inapokataa.

Ugonjwa ambao sisi tunauita kideri, na Watanzania wengi huuita pia mdondo, uliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1926, ulipoua kuku katika sehemu mbili zilizo mbali kabisa: kisiwa cha Java na mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Mtafiti Doyle alipouandika mwaka 1927 akaupa jina la mji huo, na jina likaganda. (Naona huruma kwa watu wa Newcastle. Mji mzima umebaki duniani kama jina la timu ya mpira na kuhara kwa kuku.) Wapo wataalamu wanaosema huenda virusi hivi vilikuwepo kabla, na wanataja vifo vya kuku katika visiwa vya Scotland miaka ya 1890. Iwe hivyo. Kwetu tarehe ya kushika ni 1935, mwaka ambao ugonjwa huu uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza. Na uliripotiwa Mombasa. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, Hudson, alichapisha maelezo yake miaka miwili baadaye.

Mombasa, kwangu, haishangazi. Ugonjwa unaosafiri na kuku hai, nyama na manyoya huingia pale meli zinapotia nanga. Kilichonishangaza ni hesabu yenyewe: kuku ana miaka 1,200 pwani hii, kideri hakijamaliza 100 tangu kiandikwe. Kienyeji amezoea jua, mwewe na njaa. Kideri ni mgeni kwake kama kilivyo mgeni kwa broila.

Kuna methali nyingine inayonirudia nikifikiria haya: kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea vifaranga huchukuliwa na mwewe. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza mbona msiba wa mwisho ni mwewe. Leo mkata wa Bamburi akipoteza vifaranga wote kwa mpigo, mwewe hata hatajwi. Sisemi methali ni ushahidi wa maabara. Lakini inanipa picha ya ua ambao adui wake mkubwa alikuwa anaonekana angani.

Basi hiyo kauli ya damu ngumu imetoka wapi? Nadhani imetoka kwenye jambo la kweli lililoonwa nusu. Kideri kikipita, mara nyingi hubaki mmoja au wawili, hasa kuku wakubwa. Hao waliobaki wamepata kingamwili, zile protini za damu zinazokitambua kirusi na kukizuia, na kideri kikirudi mapema hawatikisiki. Mwenye kuku anamwona mtetea huyo kila siku kwa mwaka mzima na kusema, unaona, kienyeji huyu. Wale 20 waliofukiwa nyuma ya banda hawaonekani tena. Na kinga ya yule aliyebaki hupungua polepole, wala vifaranga wake hawairithi kama mtu anavyorithi sura.

Ila kuna kitu wanachopewa, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ya kinga duniani, hata ya binadamu, ilitoka kwa kuku. Chanjo ya kwanza iliyodhoofishwa ndani ya maabara, kazi ya Louis Pasteur ya mwaka 1879 na 1880, ilikuwa dhidi ya kipindupindu cha kuku. Mwaka 1893 Felix Klemperer akaonyesha kwamba kuku aliyepata kinga huipitisha kwenye kiini cha yai. Kifaranga anaanguliwa akiwa na akiba ya kingamwili za mama, kama vile mtoto anapopewa nauli mfukoni. Nauli hiyo huisha baada ya wiki chache.

Kisha kuna kisa cha Bruce Glick, kijana wa Chuo Kikuu cha Ohio State miaka ya 1950. Karibu na tundu la kutolea kinyesi kuku ana kifuko kidogo, ambacho Mwitaliano Fabricius alikuwa amekieleza katika kitabu kilichochapishwa 1621, na kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi yake. Glick aliwakata kuku kifuko hicho aone kitatokea nini. Hakikutokea kitu. Baadaye mwenzake, Timothy Chang, akahitaji kuku wa kuonyesha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili, akaazima wale wa Glick. Akawadunga, akasubiri, akapima: wengi hawakuwa na kingamwili. Somo likaharibika, elimu ikapatikana. Jarida kubwa la sayansi likaikataa makala yao, ikachapishwa 1956 katika jarida la wafugaji wa kuku. Leo daktari akizungumzia chembe B za damu ya binadamu, hiyo B inatokana na jina la Kilatini la kifuko cha kuku, bursa.

Kifuko hichohicho ndicho kinacholiwa na Gumboro, ugonjwa uliopewa jina la sehemu moja ya jimbo la Delaware, Marekani. Kifaranga anayepona Gumboro anaweza kuonekana mzima, anakula, anakimbia, lakini kiwanda chake cha kingamwili kimeungua. Ukimchanja kideri ni kama kumwaga maji kwenye gunia. Kenya iliupata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ripoti za mwanzo zilitoka wapi? Huku Pwani. Mara ya pili.

Sasa chotara. Lawama zote zinamwangukia yeye, kwa hiyo tumsikilize.

Mwaka 1946 duka kubwa la vyakula la Marekani, A&P, pamoja na wizara ya kilimo ya huko, lilianzisha shindano la kumtafuta kuku wa kesho: kifua kipana, nyama nyingi, bei rahisi. Mshindi wa taifa mwaka 1948 na tena 1951 alikuwa Charles Vantress wa California, na kuku wake alikuwa chotara, mchanganyiko wa Cornish na New Hampshire. Kutoka hapo mbio hazikusimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa mbegu ya 1957, wa 1978 na wa 2005, na kuwapa chakula cha aina moja. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na gramu 905, wa pili gramu 1,808, wa tatu gramu 4,202. Kienyeji wa Utange anayejitafutia mwenyewe huhitaji karibu nusu mwaka kufika kilo moja na nusu.

Mwili wowote una bajeti. Protini inayojenga kifua ndiyo inayojenga kingamwili. Paul Siegel wa Virginia alilijaribu hili kwa subira ya ajabu. Alichagua kuku kizazi baada ya kizazi kwa kitu kimoja tu: wingi wa kingamwili wanazotoa wakidungwa chembe za damu ya kondoo. Kundi moja likawa la wenye kingamwili nyingi, lingine la wenye chache. Uzito hakuuchagua. Hata hivyo wale wa kingamwili chache walikuwa wazito zaidi. Ukiishia hapo utasema, si ndiyo hiyo, anayekua haraka hana kinga, kauli ya mtaani imeshinda.

Sivyo. Majaribio hayo yanaonyesha pande mbili za mzani ukivutwa kwa nguvu kwa miaka mingi, na chotara wetu wa uani yuko katikati. Kinga inaweza kupimwa. Tangu George Hirst aonyeshe mwaka 1941 kwamba virusi vya mafua hugandisha chembe nyekundu za damu ya kuku, maabara zimetumia ujanja huo. Unachukua majimaji ya damu ya kuku aliyechanjwa, unayazimua mara mbili, mara 4, mara 8, mara 16, na kuendelea, na kuangalia ni wapi yanashindwa kuzuia virusi vya kideri visigandishe. Yakiweza kuzuia hata yakizimuliwa mara 8 au 16, kuku huyo huhesabiwa kuwa na kinga ya kutosha. Kienyeji akichanjwa vizuri anafika hapo. Chotara naye akichanjwa vizuri anafika hapo. Asiyechanjwa wala kuugua hafiki, awe wa rangi gani.

Kinachowatofautisha zaidi ni mama, na sioni mtu akilizungumza. Kifaranga chotara anayekuja kwa boksi ametoka kwa mama aliyechanjwa mara kadhaa, kwa hiyo amekuja na nauli nene. Ukimchanja siku ya kwanza, kingamwili za mama zinaweza kuiona chanjo kama adui na kuimaliza kabla mwili wake haujajifunza chochote. Wewe unajua umechanja, yeye hana habari. Ndiyo maana ratiba yake ina marudio, na ndiyo maana anayeruka marudio wiki ya 3 anazika wiki ya 8. Kifaranga cha kienyeji, mama yake akiwa hajawahi kuona chanjo wala ugonjwa, anaanguliwa mfuko mtupu. Kwake tone la kwanza linafanya kazi vizuri, lakini mpaka siku hiyo ifike hana ngao yoyote. Tone ni lilelile, na historia ya mama ndiyo inayoamua litafanya nini. Halafu jirani anawalinganisha wawili hao uani mwake na kusema ni damu.

Serikali nayo ilifikiria ni damu. Mwaka 1976 Kenya, kwa fedha za Uholanzi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, na sehemu yake moja ilikuwa kubadilishana majogoo: toa jogoo wako mdogo, chukua mkubwa wa kizungu, kama yule mwekundu wa Rhode Island. Hesabu ya uzito ilikuwa sahihi, maana mtoto wa jogoo mkubwa na mtetea wa kienyeji hukua haraka kuliko mama yake. Lakini jogoo alipelekwa kwenye boma ambalo chakula ni kilekile cha kujitafutia na chanjo haifiki kwa wakati. Vizazi viwili vitatu mbele damu ya jogoo imechujuka na ukubwa wake umepotea, na wengi kati ya hao watoto hawakusubiri hata kuchujuka. Mpango ulififia miaka ya 1990. Tangu hapo wamekuja wengine: Kenbro, kienyeji walioboreshwa wa kituo cha utafiti cha KALRO kule Naivasha, Kuroiler kutoka India aliyepitia Uganda, Sasso wa Ufaransa. Wote wazuri kwenye karatasi, na wengi wazuri hata uani. Maoni yangu ni kwamba kila mara tumeshughulika na jogoo, na ile chupa tukaiacha ijitafutie yenyewe, kama kuku wa kienyeji.

Maana chupa nayo ina historia yake, na haikuandikwa kwa ajili yetu. Chanjo maarufu ya LaSota ina jina la mwenye shamba wa New Jersey, Marekani, ambako kirusi chake kilipatikana mwaka 1946. Ilitengenezwa kwa nchi ya friji na mabanda ya maelfu. Inataka nyuzi 2 hadi 8 za joto. Sasa fikiria safari yake mpaka dukani kwetu, stima zikipotea mchana, halafu kutoka dukani mpaka Mwembelegeza kwa bodaboda, chupa iko mfukoni mwa jinzi. Duka moja nililoingia huku, ambalo sitalitaja, walikuwa wameizima friji ili wachaji simu za wateja. Ukichanja kwa chupa iliyokufa, kuku wakaugua, utalaumu chanjo, kisha utalaumu chotara.

Waliojaribu kuitatua shida hii kwa dhati walikuwa Australia. Kule Queensland kirusi kipole kiitwacho V4 kilipatikana miaka ya 1960, kisichoua na kinachostahimili joto, na baadaye kikundi cha Peter Spradbrow kikapata kingine, I-2, na kuziachia maabara za nchi maskini mbegu yake bila malipo. Maabara ya Temeke, Dar es Salaam, ikaitengeneza na kuiita TEMEVAC. Inahitaji ubaridi pia, lakini haifi kwa saa chache za joto. Tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, kisha unarudia kila baada ya miezi 4. Kenya nayo ina KEVEVAPI, taasisi ya umma iliyoanzishwa 1990, inayotengeneza chanjo za kideri hapahapa nchini.

Kwa hiyo dawa ipo. Kilichobaki ni jambo dogo la kuudhi: chupa ni ya dozi 100 au zaidi, ikishachanganywa inafaa kwisha ndani ya saa mbili hivi, na mtu wa Bamburi ana kuku 8. Peke yake anaona ni hasara kumwaga 92.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja mtu mzima aliyeitatua kwa mdomo tu. Anazunguka Jumamosi jioni nyumba hadi nyumba: "Wanangu, kesho alfajiri msiwafungulie kuku." Kila nyumba inachanga kidogo. Nilimuuliza, mama, na wale wenye kienyeji wanaosema kuku wao hawachanjwi? Akasema hao huwaanzia wao, kabla hawajaamka vizuri wakapata la kusema. Chupa inakuja ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Saa kumi na mbili na nusu anaanza upande wa barabarani, mtoto mmoja anashika kuku, yeye anatia tone, anasubiri jicho lifumbe na kufumbuka, anamwachia, mwingine. Hauulizi ukoo.